Jinsi ya Kuunda Amplifaya Itakayotoa Moshi Kabla ya Sauti

Hongera. Umepita Kariakoo, umekuta bodi ya amplifaya ndani ya kifuko cha nailoni imeandikwa wati 300, na umerudi nayo nyumbani ukipiga mluzi. Usiulize wati hizo zinatoka wapi. Transfoma uliyouziwa pamoja nayo ni ya 12-0-12, ampea 2. Mtu mchokozi angezidisha volti 24 kwa ampea 2, akapata 48, kisha akataka kujua zile 252 zilizobaki anazileta nani. Wewe si mchokozi.

Chipu zilizo juu ya bodi ni TDA2030, mbili, kila moja ina miguu mitano. Zinavumilia volti 18 upande wa chanya na 18 upande wa hasi, basi. Sasa hapa ndipo penye utamu: transfoma ya 12, ikishapita kwenye dayodi na kapasita, haitoi 12. Kapasita hujaa mpaka kilele cha wimbi, kwa hiyo unapata kama 17 kila upande, na transfoma isiyo na mzigo huweza kuzidi hapo. Jirani akikushauri uchukue 15-0-15 ili "ipige zaidi", mshukuru. Utapata volti 20 na ushee. Itapiga kweli, mara moja.

Kapasita zile nene zina mstari ubavuni unaoonyesha mguu wa hasi. Uchukulie kuwa ni urembo. Ukiigeuza kapasita, itavimba kichwa, itafoka, halafu itapasuka, na nyumba nzima itajua kwamba fundi yuko kazini.

Chipu zifunge moja kwa moja kwenye bamba la alumini, bila kipande cha maika wala bushi ya plastiki kwenye skrubu. Mgongo wa TDA2030 umeungwa ndani kwa ndani na mguu wa tatu, yaani umeme hasi. Bamba likigusa kasha la bati lenye graundi, umejipatia shoti safi kabisa. Waya za graundi nazo zitawanye kama mizizi ya mbuyu. Ukizikusanya zote mahali pamoja, karibu na kapasita, utakosa ule mvumo mzito ambao wageni wako watadhani ni besi.

Fyuzi ikikatika, wahenga wa mtaani walitumia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Haikatiki. Kinachokatika ni transfoma.

Sasa ukaguzi. Kuna mafundi waoga ambao kwanza hupitisha umeme wa volti 230 kwenye balbu ya kizamani, ile ya waya unaong'aa, ya wati 60, waliyoiunga kwa sirisi na transfoma. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na mambo ni shwari. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, nao huchomoa plagi na kutafuta kosa bila kuunguza kitu. Maisha gani hayo? Halafu, spika ikiwa bado kabatini, hushika mita na kupima volti za moja kwa moja kati ya tundu la spika na graundi. Wakiona milivolti chache, zisizozidi 50, hutabasamu. Wakiona volti 15, huzima.

Mimi sikuwa mwoga. Niliazima spika ya mjomba, nikaichomeka kwanza, nikawasha baadaye. Koni iliruka mbele na kubaki palepale, kama mtu aliyeitwa jina lake gizani. Haikutoa sauti yoyote. Baada ya sekunde kadhaa ikaja harufu ya vanishi inayoungua, maana koili ya spika ikipewa umeme usiobadilika haina kazi nyingine ila kuwa pasi. Mjomba alifika mlangoni akauliza, "Mbona kimya?" Nilimwambia bado napasha moto mitambo.

Nimenunua spika mbili tangu siku hiyo, moja yangu na moja yake, na yake ndiyo ghali.

Basi, ikitokea umekaidi maagizo yote haya, balbu imefifia, chipu ni vuguvugu tu, na mita inasoma milivolti 20, pole sana: hakuna moshi utakaoupata hapo. Zima, chomeka spika, weka sauti chini kabisa, kisha washa.