Dracula na karatasi za shamba

*Mama Mshauri, nasoma Dracula kwa mara ya kwanza, kwa Kifaransa. Nimefika sura ya pili na damu sijaiona, ni hati za nyumba tu. Nivumilie ama nikiuze? – Asiyelala, Mushaki (Masisi, Kongo).*

Ndugu Asiyelala, usikiuze. Hati hizo ndizo kitisho chenyewe, na ajabu ni kwamba mtu wa Masisi ndiye anayeuliza damu iko wapi. Bram Stoker, aliyetoa kitabu hiki London mwaka 1897, hakumtuma Harker milimani kupambana na jini. Harker ni wakili kijana, amebeba karatasi za kumuuzia Dracula nyumba Purfleet. Mnunuzi keshajisomea mambo ya Waingereza, hadi ratiba za treni zao anazo. Kisha anasafirisha masanduku 50 ya udongo wa kwao, maana bila udongo huo hana pa kulala. Sahihi kwanza, meno baadaye. Sasa tazama vilima vya hapo kwenu: ng'ombe wamenona, jibini inashuka Goma, na mwenye malisho mara nyingi yuko mbali, Goma au Kinshasa. Sheria ya Kongo ya 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali, ikaahidi amri ya Rais ya kueleza haki za wanaolima kwa desturi. Amri ikangojewa miaka na miaka, huku mwenye hati akizungusha seng'enge na mkulima akiomba kipande cha kupanda viazi, alipe kwa salongo, yaani kwa kumfanyia mwenye shamba kazi bila mshahara. Hapo nani anahitaji meno marefu?

Utasema Stoker hakuijua Masisi. Kweli, na kitabu chake kinamwogopa mgeni wa mashariki kuliko tajiri wa London, hilo simtetei. Lakini angalia Dracula anavyofichuliwa. Vitunguu saumu vinasaidia, ila kazi kubwa anaifanya Mina, mke wa Harker, anayepiga taipu shajara za wote na kuweka nakala, pamoja na wenzake wanaowauliza wachukuzi masanduku yalishushwa wapi, mpaka wanayapata 49. Pingamizi zito ni jingine: Mushaki, iliyopiganiwa mwaka 2023, inatafuta woga gani tena kitabuni? Risasi haikupi nafasi ya kuuliza. Kitabu kinakupa; unarudi nyuma kurasa kumi, unamwona aliyefungua mlango.

Basi rudi sura ya pili na kalamu mkononi, utie alama kila mahali panapotiwa sahihi.