Barua ya Wazi kwa Ofisi Inayoidhinisha Mabango ya Sikukuu, Eldoret

MINT: KOMA NA RITIFAA KATIKA SALAMU ZA SIKUKUU

Salamu yenye jina la anayesalimiwa huhitaji koma. "Krismasi njema, Eldoret" huwasalimu wenyeji. "Krismasi njema Eldoret" hutaja tu mahali heri inapopatikana. Abiria anayekwenda kwao Bungoma tarehe 24 Disemba husalimiwa hapa stejini, na akifika Turbo heri yake imekwisha. Ofisi inaombwa kwa unyenyekevu imwongezee koma moja, hata ya mkopo.

Alama ya mshangao hutosha moja. Mabango huweka tatu, kana kwamba Krismasi imewafumania watu. Mbili zirudishwe stoo. "Heri njema" nayo ipunguzwe, kwani heri mbaya haijaonekana bado. Na salamu za Mwaka Mpya zisiachwe zikining'inia hadi Pasaka.

Suala zito ni ritifaa. Kila Disemba mji huvuna ritifaa za ziada: "X'mas" huandikwa kila pembe, ilhali X hiyo ni herufi ya Kigiriki inayoanza jina la Kristo, na ritifaa hapo haina kazi. Wakati huohuo bucha imeandika "nyama ya ngombe", na mnyama aliyenyang'anywa alama yake husomwa kama ngoma. Inapendekezwa basi lijengwe ghala la ritifaa, kwa utaratibu ambao mkulima wa Uasin Gishu anaujua vyema. Malori yapange foleni tangu alfajiri. Kila ritifaa ipimwe unyevu. Inayozidi asilimia 13.5 irudishwe ikaanikwe juu ya turubai kando ya barabara. Zilizokauka zijazwe katika magunia ya kilo 90, na kwa wepesi wa bidhaa yenyewe, gunia moja litatosha bucha zote hadi Burnt Forest, kisha salio lipelekwe milima ya Cherang'any, ambayo hunyimwa ritifaa yake kila inapoandikwa. Malipo yacheleweshwe, ili wahusika wasishtuke.

Katika mabango hayohayo ya sikukuu, mstari wa Kiingereza, "Season's Greetings", hujadiliwa: ritifaa ikae kabla ya s au baada yake? Mstari wa Kiswahili hurushwa chini yake kama makombo, na hakuna anayeulizwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitambua lugha hii kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi. Kuiandika ovyo hadharani, kwa pesa za mlipa kodi, mwaka nenda mwaka rudi, ni dharau. Mchapaji asisingiziwe.

Ukali huo unaondolewa, kwa heshima zote. Tangu 15 Agosti 2024 Eldoret ni jiji, la tano nchini, na jiji halikosi pa kupata koma.

Jibu linatarajiwa kabla ya Disemba. Likianza na "Heri njema", litahesabiwa kuwa limetosha.