Wajomba wa Stendi na Washambuliaji Wawili

Stendi ya Masasi, wajomba wanaosubiri malipo ya korosho hawana kazi ila kuwapima washambuliaji wetu Samatta na Msuva. Wa Samatta huanza na TP Mazembe, ubingwa wa Afrika 2015, kisha Genk na taji la Ubelgiji 2019, halafu goli la Wembley 2020. Kwamba timu yake, Aston Villa, ilifungwa 2-1 na Manchester City siku hiyo, hilo huwapitia pembeni. Wa Msuva hujibu kwa Wydad na ubingwa wa Morocco, sauti juu. AFCON ya 2019, Cairo, wote wawili waliifunga Kenya kwenye mechi moja. Tanzania tukalala 3-2. Ukiuliza mabeki wetu walikuwa akina nani, unaulizwa wewe: mjomba, mnada wa juzi bei imefika ngapi?