Nyumba Isiyotunza Siri

Miaka saba nimejenga. Msingi, nikasimama. Tofali hadi lenta, nikasimama. Nikapaua, nikasimama tena, mpaka nyasi zikaota sebuleni. Kila aliyepita Goba akasema, "Hongera, baba." Hakuna hata mmoja aliyenidokeza kwamba ninachojenga ni ngoma.

Usiku wa kwanza mtoto aliangusha kijiko. Kijiko kimoja, na kilianguka mara tatu. Sebule niliitaka kubwa na nikaipata: marumaru chini, skimu ukutani, jipsamu juu, madirisha ya alumini. Vyote vimemeza pesa yangu, hakuna hata kimoja kinachomeza sauti. Sauti ikigonga kigumu hurudi, ikigonga laini hufifia, na kitu laini pekee tulichotegemea kilikuwa sofa, ambalo fundi wake alikuwa bado "anamalizia vitambaa". Mvua ya masika juu ya bati siisimulii, maana ilipokuwa inanyesha hakuna aliyeweza kusimulia chochote. Bibi yangu Bagamoyo aliishi chini ya makuti. Mvua ikinyesha, mpaka uone maji uani ndiyo ujue.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Korogwe kuiona nyumba. Usiku wa pili, chumbani kwetu, mlango umefungwa kwa ufunguo, nikamnong'oneza mke wangu, "Hivi mama anakaa mpaka lini?"

Kimya kidogo. Halafu, kutoka chumba cha wageni, sauti ya upole kabisa: "Mpaka Jumapili, mwanangu, Mungu akipenda."

Asubuhi nikamwita fundi. Alipanda darini na tochi, akashuka na vumbi kwenye nyusi. "Bosi, kuta za vyumba zimeishia kwenye dari. Huko juu ni ukumbi mmoja." Yaani neno langu linapenya jipsamu, ambayo wembamba wake ni wa biskuti, linatembea chini ya bati bila kuulizwa na mtu, linashuka kwa mama mkwe. Lisilotaka kupanda linapita chini ya mlango. Dawa? Kupandisha tofali mpaka zikutane na bati. Alipotaja bei nikanong'ona kwa mara nyingine, safari hii bila kukusudia.

Kijana mmoja wa mtaani anayerekodi muziki akanishauri trei za mayai. Nikapigilia ishirini. Sasa najua: kinachozuia sauti isivuke ni uzito na kuziba nyufa, na trei haina uzito wala haizibi. Mama mkwe alikohoa, kikohozi kikazipita zote ishirini. Walionufaika ni mende.

Nikaanza kusoma. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao neno lilizunguka ndani yake kwa sekunde tano na zaidi. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kuutibu. Usiku akahamisha matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapuliza bomba la kinanda, akapima kwa saa sauti inachukua muda gani kufa, na kabla hakujakucha akarudisha matakia ya watu. Nikamwonea wivu. Saa nane usiku nikaburuta magodoro mawili ya wageni hadi sebuleni, nikayaegemeza ukutani, nikawa napiga makofi gizani na kusikiliza. Mke wangu aliwasha taa, akanitazama, akazima. Mpaka leo hajaniuliza.

Lakini makofi yalikuwa yamekauka! Basi nikanunua kapeti, mapazia mazito, rafu nikaijaza vitabu, na sofa likafika hatimaye. Kijiko sasa kinaanguka mara moja tu. Niliyatibu maradhi ya sebuleni. Ya darini yako palepale, yanasubiri hela ya tofali.

Mwezi uliopita mama mkwe alirudi. Mimi na mke wangu tukiwa na neno, tunakwenda kwenye gari: lina kapeti, viti laini, na milango yenye mpira unaoziba kila upenyo. Juzi tulijifungia humo, ndiyo kwanza nafungua mdomo, kioo kikagongwa. Mama mkwe alikuwa ameshavaa kanga ya kutokea, kikapu mkononi.

"Kama mnatoka, wanangu, nisogezeni mpaka sokoni."