Kuranti ya Amerika

Msaada ukifika Kasongo hauulizwi maswali. Kreti imetoka Marekani, imepita Kindu, imefungwa nyuma ya pikipiki kwa mipira ya matairi, imezama matopeni na kuopolewa. Ukiifungua ukakuta mashine ya kuzungushia damu, nyeupe pee, unaanza kushukuru kabla hujasoma kibandiko cha nyuma. Chetu kilisema: 115 V, 60 Hz.

Fishi yake ilikuwa na meno mawili bapa, na prizi zetu ni za Kibelgiji, matundu ya mviringo. Dawa yake kila mtu anaijua: kata fishi, chuna nyaya, zichomeke kwenye matundu, zikaze kwa njiti za kiberiti. Kijana wetu wa labo alishakishika kiberiti. Nikamnyang'anya, maana habari za Kabambare nilikuwa nazo.

Kule zahanati moja ilipewa sufuria ya umeme ya kuchemshia vyombo, nayo ya Marekani. Wakaichomeka moja kwa moja kwenye 220. Maji yakatokota muuguzi hajamaliza hata kufunga kifuniko, na watu wakasifu: "Waamerika wanajua kazi!" Kumbe volti zikizidi mara mbili, joto la waya huzidi mara nne. Sufuria ilinyamaza sifa zikiwa bado zinaendelea. Siku hizi inawekewa sukari ya ofisi.

Sisi tukajifanya wajanja, tukaagiza transfo Bukavu, ile nzito ya kushusha 220 hadi 110. Tukaiunga, ikavuma, mashine ikazunguka. Mama wa usafi akapiga vigelegele.

Kisha upungufu wa damu ukatoweka Kasongo.

Watoto wa malaria walikuja wamebebwa mgongoni, wamelegea, na karatasi zao zikatoka 33, 34, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu. Mtoto wa chini ya miaka mitano akifika 33 hahesabiwi tena mwenye upungufu. Dokta akamfunua mmoja kope, nyeupe kama karatasi yenyewe. Akatazama majibu. Akafunua kope la pili, labda hilo ndilo lenye habari. "Papa," akaniambia, "huyu mtoto damu yake ameificha wapi?"

Transfo hushusha volti; herzi, zile Hz za kibandiko, haizigusi. Mota yetu haina sharboni, ni ya aina ile ambayo mwendo wake hufuata herzi: imeundwa kwa 60, ikipewa 50 inapiga mizunguko mitano pale ilipotakiwa kupiga sita. Na nguvu ya kushindilia damu hufuata mwendo mara mwendo, kwa hiyo ilibaki asilimia 69 hivi. Chembe nyekundu zikakaa kwa kujinafasi ndani ya kamrija, zikaonekana nyingi. Ule utando mwembamba juu yake, ambamo tunawatafuta wadudu wa malale, ukawa ukungu mtupu. Hata saa ya mashine ilihesabu kwa herzi: ukiiwekea dakika tano, inalia ya sita. Masikini, ilijitahidi kufidia.

Lawama nazipeleka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Westinghouse wa Marekani walishika 60, AEG wa Ujerumani wakashika 50, kila upande ukaendelea na yake. Kasongo haikutoa maoni. Mwaka 1893 ilikuwa vitani, majeshi ya Mbelgiji Dhanis yakimfukuza Sefu mwana wa Tippu Tip, na watu walikuwa na mengine ya kufikiria.

Aliyetuokoa ni mzee wa jenereta, tunayemwita Papa Grupu. Nilimweleza kwamba grupu letu la mazutu likizunguka mara 1500 kwa dakika linatoa 50, likizunguka 1800 linatoa 60, na kibandiko chake chenyewe kimeandika zote mbili. Alikaa kimya, akafuta mikono kwenye suruali. "Kumbe ya Amerika iko mule mule!"

Kipimo cha herzi hatukuwa nacho. Nikaiwekea saa ya mashine dakika tano, simu yangu kando yake, kijana wa labo dirishani, na Papa Grupu kule bandani na bisibisi kwenye skrubu ya mwendo. Ikilia imechelewa, nasema "Ongeza!", kijana anapaza "Ongeza!", injini inapandisha sauti, tunaanza upya. Humo ofisini feni ya dokta ilipeperusha mafaili, na mama wa uzazi akatuma mtu kuuliza kama kuna ndege inatua. Mwishowe saa na simu zikalia pamoja.

Upungufu wa damu ukarudi siku hiyo hiyo, tukapeana mikono kwa furaha mbele ya wazazi, ambao hawakuelewa kinachofurahisha.

Sasa kuna ratiba mlangoni: saa nne hadi saa tano asubuhi ni Amerika, muda uliobaki ni Ulaya. Papa Grupu ameandika barua kwa mkurugenzi kuomba nyongeza ya mshahara, kwa hoja kwamba alipoajiriwa alikabidhiwa bara moja tu.