Vibarua wa Maji Chumvi

Shemeji yangu kanunua tangi la samaki la lita 100, la maji ya chumvi, likae sebuleni wageni walione. Mwezi haujaisha, kioo kimeota mwani. Kusugua mwenyewe? Thubutu! Kaajiri vibarua: konokono 40, kaa 20 wale wa kuishi kwenye makombe ya wengine, na kamba wawili wekundu.

Konokono, haki ya Mungu, walichapa kazi. Usiku kucha kukwangua kioo, ingawa kila kipande cha tumbawe kisichogundishwa walikiangusha. Mwani ukaisha, na matumbo 40 bado yanadai. Kaa nao wakikua nyumba huwabana, na bwana mkubwa hakuwawekea makombe matupu ya akiba. Basi wakamwendea konokono kwake. Wakamla mwenye nyumba, wakahamia.

Waliosalia, kamba wakiwemo, walimalizwa na dawa ya kutibu samaki. Ilikuwa na shaba, ambayo kwa viumbe wasio na uti wa mgongo ni sumu.

Jana kaniuliza: "Shemeji, safari hii ninunue wangapi?" Huku anawamwagia samaki chakula, kiganja kizima.