Sifa za Umbali wa Palma

Wengine na wasifu barabara na madaraja. Mimi nausifu umbali wenyewe, ule uliojinyoosha kati ya Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, na Maputo, maana sijaona mtumishi wa serikali aliyetumika miaka mingi hivyo bila mshahara wala likizo.

Tuanze na vipimo vyake. Ukikata angani moja kwa moja, Palma hadi Maputo ni kilomita 1,880 hivi. Palma hadi Dar es Salaam hazifiki 500. Mtwara ni pua na mdomo, kilomita 65 au karibu na hapo, ila Mto Ruvuma umelala katikati. Kwa hiyo Mmwani, mtu wa pwani hii, anayetaka kuuona mji mkuu wa nchi yake lazima kwanza aipe kisogo Dar, kisha ajipe moyo.

Wakubwa watakwambia Maputo si mbali: ndege hadi Pemba ni saa mbili na nusu tu. Kweli kabisa. (Pemba hii ni ya bara, iliyoitwa Porto Amélia enzi za Wareno, ukimtajia Mzanzibari atakuuliza umepanda boti gani.) Ila saa hizo ni za ndege. Abiria wa Palma akishuka hapo bado ana barabara ya zaidi ya kilomita 400, na tangu Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, barabara hiyo imekuwa haiulizwi urefu bali usalama.

Na tazama adabu ya umbali huu: unajua nani mkubwa. Mfanyakazi wa mradi wa gesi hupaa hadi Afungi, akatua jirani na Palma bila kukanyaga vumbi la njiani. Gesi yenyewe, iliyogunduliwa baharini mwaka 2010, ilipata wanunuzi Japani na Ulaya kabla haijatoka chini. Kwake yeye Tokyo ni karibu.

Umbali pia ni mpole kwa masikio ya wakuu. Mlio wa bunduki ukisafiri kilomita zote hizo hufika umechoka. Ndiyo maana mwanzoni washambuliaji walitajwa kuwa wahalifu tu. Machi 2021 Palma yenyewe ilipovamiwa, watu wakakimbilia misituni na vyomboni, mlio ukafika mzima mara moja. Sijui umbali ulikuwa umezubaa wapi siku hiyo.

Hata saa hutugawia. Palma hufuata saa ya Maputo, basi mwezi Juni jua huzama saa kumi na moja jioni, wakati ng'ambo ya Ruvuma ni saa kumi na mbili. Anayevuka kuja kusini hupewa saa nzima ya bure. Akirudi, hudaiwa.

Lakini fadhila kubwa kuliko zote ni ya zamani. Frelimo, chama cha wakombozi, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na risasi zake za kwanza zikalia Chai, huku huku Cabo Delgado, Septemba 1964. Siku hizo wakombozi walikuwa majirani zetu. Ukivuka mto umewakuta. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975 wakahamia Maputo, na umbali, kwa ukarimu wake, ukawapokea huko.